Ukienda kwenye muvi, wimbo hauji na wewe

(Haya niliyaongea mbele ya madairekta wa vichupa, yaani video za nyimbo, hapa Dar. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu zile "yaani" na bado zimebaki nyingi.)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Nimepewa nusu saa na najijua, nikishika maiki nusu saa hainitoshi, kwa hiyo salamu ziishie hapo tuingie kazini.

Kwa wasionijua, mimi sio dairekta, mimi ni mtu wa kuediti. Nusu ya mliokaa humu nishawahi kukesha na diski zenu, zile za "dada tunaachia kesho saa sita mchana, fanya uwezavyo", na nyingine nikaja kuziona zinatrendi nikafurahi kama mzazi ingawa jina langu halipo popote (hilo tutaliongelea siku nyingine, leo sijaja kugombana). Sasa hii miaka ya karibuni watu wale wale waliokuwa wananiletea vichupa wameanza kuniletea muvi. Muvi kabisa, dakika tisini na kuendelea. Na kuna kitu nakiona kinajirudia kwa karibu kila anayekuja, ndo maana nilipoitwa kuongea nikakubali haraka.

Watu wa Bongo Muvi wanawasema nyie, sio siri, wanasema madairekta wa vichupa wanajua picha tu stori hawajui. Nyie mnawajibu kwamba wao hata taa hawajui kuweka. Mimi naona wote mnabishana nje ya mada. Stori mnajua, wapo humu wanaosimulia mapenzi, usaliti na kurudiana ndani ya dakika tatu na nusu na mtazamaji anaelewa bila mtu kufungua mdomo. Shida ni kwamba kwenye kichupa kuna mwenzenu aliyekuwa anafanya nusu ya kazi na hamjawahi kumshukuru, na huyo mwenzenu ni wimbo.

Hebu fikiria siku ya kushuti. Wimbo upo kwenye spika, msanii anaimba juu ya plebeki, ukitaka slomo unaupiga wimbo spidi mara mbili, kamera unaiweka fremu 50 kwa sekunde, ukija kurudisha kwenye 25 midomo inakaa sawasawa na maneno huku nguo inaelea taratibu. Mnajua hayo kuliko mimi. Lakini angalia nani bosi hapo. Kichupa kitaisha lini, wimbo umeshaamua. Watu wapandwe mzuka wapi na watulie wapi, wimbo umeshaamua, kiitikio kinarudi mara tatu na kila kikirudi wewe una haki ya kubadilisha nguo, lokesheni, hata nchi, na hakuna mtu atakayeuliza hawa wamefikaje hapa. Huzuni au furaha, prodyuza wa mdundo ameshaiweka. Wewe unakuta reli imetandikwa, kazi yako ni kupitisha treni zuri. Halafu ukienda kwenye muvi unafika na treni lako zuri, na reli hakuna.

Ndo maana kwenye meza ya kuediti nakuta sini nzuri mno kwa macho na hazisogei. Mtu anaingia ndani, anakaa, anaongea, na mimi naangalia saa. Kila picha ukiisimamisha unaweza kuitundika ukutani, ila zikifuatana hazikubebi. Na dairekta akiona hivo anachofanya ni kile kile anachokijua, "dada weka muziki hapo". Tukiweka muziki inapona kidogo, tukiutoa inaanguka. Basi mimi huwa nautoa makusudi, nazima muziki wote, naangalia muvi nzima kavu. Wanaonichukia kwa hilo wapo humu, nawaona wanacheka.

Sio ugonjwa wa Tanzania huu, na walioupata ni mabingwa. Mchukue Hype Williams, huyo mnamjua wote, miaka ya tisini kila kichupa cha hip hop cha hela nyingi Marekani kilikuwa chake au kilikuwa kinamuiga, ile lenzi pana inayovimbisha uso, masuti yanayong'aa. Mwaka 1998 akapewa muvi, Belly, ndani yumo Nas na DMX. Ule mwanzo, wanaingia klabu, mwanga wa bluu, macho yanang'aa gizani, chini unapita wimbo wa Soul II Soul sauti tupu bila mdundo, mpaka leo watu wanaurudia ule mwanzo, mnautumia kwenye mudibodi zenu, zile picha za mfano mnazokusanya kabla ya kushuti, nauona kila mwezi. Ila huo mwanzo ni kichupa, nao una wimbo. Wimbo ukiisha watu wanaanza kuongea na kuhama miji, na pale muvi inaanza kuhema. Wakosoaji waliiponda, na Hype hajatoa muvi nyingine ya sinema mpaka leo. Mimi naipenda sana Belly, ieleweke, lakini nikiangalia kama mtu wa kuediti naona kabisa dakika ambayo reli inaisha.

Sasa mweke pembeni yake F. Gary Gray. Huyu ndo aliyefanya kichupa cha "It Was a Good Day" cha Ice Cube mwaka 1993, na "Waterfalls" ya TLC mwaka 1995. Ice Cube alikuwa ameandika skripti na mwenzake DJ Pooh, komedi ya mtaani, akamwamini dairekta wake wa kichupa akampa. Ikatoka 1995, Friday. Bajeti kama dola milioni 3.5, wakashuti siku 20, ikaingiza zaidi ya milioni 27. Na nyie mtasema aah hela hiyo mtu unapata wapi, lakini acheni hela kwanza, angalieni kilichoandikwa kwenye skripti. Siku moja. Mtaa mmoja. Washkaji wawili wamekaa barazani, mmoja kafukuzwa kazi, mmoja ana deni la muuza bangi. Yaani kijana wa vichupa, aliyezoea kukata kila sekunde mbili, amebanwa barazani na watu wawili wanaopiga stori. Hana pa kukimbilia! Lazima ajifunze nani anaongea, nani anasikiliza, utani ukae wapi, kimya kidumu kiasi gani kabla mchekeshaji Chris Tucker hajafungua mdomo. Kichekesho kinataka kusubiri, ukikata mapema kimekufa, ukikata kwa kuchelewa kimekufa pia. Miaka 20 baadae huyo huyo Gray ndo akafanya Straight Outta Compton, na 2017 akafanya ile Fast and Furious ya nane ikavuka dola bilioni moja. Alianzia barazani lakini.

Na kitu kingine kwenye hiyo ya Gray ambacho nataka mkisikie vizuri manake kinawahusu moja kwa moja: aliyempa muvi ya kwanza ni msanii wake. Nyie mna namba za wasanii wote wakubwa nchi hii kwenye simu, mnapigiwa saa nane za usiku kuulizwa nguo gani. Watu wa Bongo Muvi hawana hiyo. Msanii anatafuta cha kufanya zaidi ya wimbo, meneja anatafuta cha kuuza zaidi ya shoo. Mnakaa mnasubiri mfadhili kutoka Ulaya wakati mwenye uwezo wa kuanzisha muvi amekutumia voisi noti leo asubuhi.

Sasa niwape mfano wa karibu, sitataja jina la mtu wala la muvi na mwenyewe kaniruhusu. Kijana mmoja, mzuri kweli kwenye vichupa, kaniletea muvi yake ya kwanza. Kuna sini ambayo ndo kitovu cha stori nzima. Mama amekaa uani anapepeta mchele kwenye ungo, mtoto wake wa kiume anakuja kumwambia kaacha chuo na ada yote imeenda. Basi. Watu wawili, ungo mmoja. Nafungua folda nakuta klipu nyingi ajabu. Mchele unaruka kwa slomo na jua nyuma yake, we, punje unazihesabu. Mkono wa mama na bangili. Gimbo, ile mashine ya kushikia kamera isitikisike, inamzunguka mama, inamzunguka tena, inapita juu ya kichwa. Droni inapanda mpaka unaona bati za nyumba zote mtaani. Kijana kwa nyuma, kijana kwa pembeni, viatu vya kijana vinaingia getini. Nikatafuta klipu ambayo mama anasikia ile habari. Hakuna! Yaani uso wa mama wakati mtoto anaongea haupo, kila mama alipokuwa kwenye picha alikuwa anaongea yeye. Na hakuna teki hata moja iliyoanza mwanzo wa sini ikaenda mpaka mwisho, zote zimekatwa vipande vya sekunde nane, kumi, kwa sababu mkono wake umezoea kipande cha wimbo, anapata alichotaka anasema kata.

Sauti ndo usiseme. Maiki ya juu ya kamera, gimbo inasikika inanguruma, jenereta la jirani linakuja na kuondoka kila nikikata. Nikamuuliza ile sauti ya ua peke yake uliichukua, watu wote wamenyamaza nusu dakika hivi mnarekodi tu hali ya pale? Akanitazama kama namwomba arekodi hewa. Ndio, hewa! Hiyo hewa ndo nazibia mashimo katikati ya maneno, bila hiyo kila nikikata mtazamaji anasikia mlango unafungwa.

Kilichotuokoa mnajua ni nini? Ni mtu wa kamera ya pili alisahau kuzima. Dairekta kasema kata, watu wameanza kusogea, yule mama mwigizaji (mtu mzima, wa maigizo ya zamani ya redioni, anajua kazi) bado yumo kwenye hali yake. Ameshusha ungo, akafuta mikono kwenye kanga, akatazama pale aliposimama mtoto, halafu akaanza kuokota mchele uliomwagika chini punje moja moja anarudisha kwenye ungo. Anaokota tu, kimya, sekunde kama arobaini. Nikaichukua ile yote bila kukata, maneno ya mtoto nikayaweka juu yake. Sini ikasimama. Zile slomo na droni zilizokula siku nzima hazimo kwenye muvi hata moja, zipo kwenye tizeri, kile kipande kifupi cha kuitangaza, na zinapendeza sana kwenye tizeri.

Kwa hiyo nawaomba, muvi ya kwanza, kabla hujashuti vipande vyako vizuri, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, watu wacheze sini kuanzia A mpaka Z bila kusimamishwa. Halafu geuka mshuti anayesikiliza. Anayeongea kila mtu anamshuti. Halafu nyamazeni nusu dakika mrekodi hewa. Baada ya hapo pandisha droni mpaka mwezini mimi sina neno.

Na mkinunua kitu mwaka huu msinunue lenzi. Mlipeni mtu wa sauti. Najua mnaona anakula hela bure kwa sababu kwenye kichupa hamjawahi kumhitaji, sauti ilitoka studio imepikwa kabisa, mnaiburuza tu kwenye taimulaini. Mwangalieni Jonathan Glazer. Mwaka 1996 alifanya kichupa cha Jamiroquai, "Virtual Insanity", kile cha sakafu inayotembea, jamaa anateleza na kofia lake, kumbe sakafu haiendi popote, ni kuta ndo zilikuwa zinasukumwa na kamera imefungwa nazo. Ufundi wa macho mtupu. Mtu huyo huyo mwaka 2023 katoa The Zone of Interest, familia ya afisa wa Kijerumani inaishi nyumba yenye bustani nzuri na ukuta wa bustani ndo ukuta wa kambi ya Auschwitz. Ndani ya ukuta hatuonyeshwi mauaji yanayoendelea. Tunasikia. Mke anapanda maua, watoto wanaogelea, na muda wote masikio yako yapo upande wa pili wa ukuta. Kamera kadhaa walizificha ndani ya nyumba zikashuti kwa mpigo, waigizaji wakaachwa waishi bila kuzungukwa na watu wa seti, taa za sinema hakuna. Ikachukua Oscar ya filamu ya kimataifa na ikachukua ya sauti. Sikilizeni, dairekta wa vichupa ndo katoa muvi yenye Oscar ya sauti. Ila na hilo pia mlijue, kati ya muvi yake ya kwanza mwaka 2000 na hiyo ametoa nne tu. Miaka 23 muvi nne. Nyie mnatoa vichupa vinne kwa mwezi.

Kuna mtu nilimuona anatikisa kichwa nilipotaja skripti, ngoja nirudi hapo. MTV ilianza 1981, lakini jina la dairekta kuandikwa kwenye skrini pamoja na la msanii wamekuja kuanza 1992. Baada ya hapo kila mtu akajua nani kafanya nini na studio za Hollywood zikawa zinaokota madairekta pale kama embe chini ya mti. David Fincher hata kabla ya hapo alishaokotwa, alikuwa wa "Express Yourself" na "Vogue" za Madonna, wakampa Alien ya tatu. Akaanza kushuti skripti haijaisha! Studio inaingilia kila siku, muvi ikatoka 1992 na mpaka leo mwenyewe haitaki. Hela ilikuwepo, kipaji kilikuwepo, skripti haikuwepo. Akafanya nini? Akarudi kwenye vichupa na matangazo, hakuona aibu, akafanya cha Rolling Stones kikachukua Grammy, na 1995 akaja na Seven yenye skripti iliyoandikwa ikakamilika na mtu anayejua kuandika. Mnaikumbuka ile boksi mwishoni? Kilichomo hatukioni. Dairekta wa "Vogue" kakataa kutuonyesha picha.

Spike Jonze vile vile, katoka "Sabotage" ya Beastie Boys, muvi yake ya kwanza 1999 skripti kaandika Charlie Kaufman. Michel Gondry, Mfaransa wa vichupa vya Björk, muvi yake iliyokuja kuchukua Oscar ya skripti kashirikiana na nani? Kaufman huyo huyo. Antoine Fuqua, wa "Gangsta's Paradise", kaja kupiga bao na Training Day mwaka 2001, Denzel kachukua Oscar, skripti kaandika David Ayer. Mnaona mchezo. Hao watu hawakujifungia chumbani na laptop wakisema mimi ni dairekta, mwandishi, mtu wa kamera na mtu wa kuediti. Nyie kwenye bango la muvi kila jina ni lenu, "imeandikwa na, imeongozwa na, imeeditiwa na" (hapo kwenye imeeditiwa naumia mwenyewe). Mtafuteni mwandishi. Wapo wanaoandika tamthilia za kwenye TV wamechoka kuandika mama mkwe na mwali, mkiwapigia simu watapokea kabla haijalia mara ya pili.

Tukija huku kwetu. Nairobi mnaijua bendi ya Just a Band, walikuwa wanajitengenezea video zao wenyewe, mwaka 2010 wakatoa ya wimbo "Ha-He" ndo ikazaliwa ile vurugu ya Makmende, shujaa wa hiyo video, Kenya nzima wanatengeneza vichekesho vya Makmende mtandaoni. Sasa mmoja wao, Mbithi Masya, mwaka 2016 akatoa Kati Kati. Ukiikumbuka Makmende ngumi mkononi na afro unategemea kelele. Hapana. Msichana anaamka nyikani hajui katokea wapi, anafika kwenye loji ina watu wachache, taratibu anaambiwa kwamba wote pale wameshakufa na yeye pia. Muvi tulivu, fupi, watu wachache, sehemu karibu ni moja tu, waigizaji wanapewa nafasi ya kukaa na jambo. Skripti kaandika na mwenzake Mugambi Nthiga. Ikaenda tamasha la Toronto ikarudi na zawadi ya wakosoaji wa kimataifa, FIPRESCI. Na haikutoka hewani, ilipita kwenye ule mpango wa One Fine Day Films wa Tom Tykwer, Mjerumani, ambao ndo uliotoa Nairobi Half Life mwaka 2012 na baadae Supa Modo, wanakaa na watu kwenye mafunzo kabla kamera haijawashwa. Mazoezi ni rahisi jamani. Waigizaji wawili kwenye sebule ya mtu na soda ni bei rahisi kuliko nusu siku ya kamera ya kukodi.

Halafu Lubumbashi. Baloji, rapa, kazaliwa pale kakulia Ubelgiji, vichupa vyake anaongoza mwenyewe, mavazi na rangi zake ukiona hata bila sauti unajua ni yeye. Mwaka 2023 akapeleka muvi yake Augure tamasha la Cannes ikapata zawadi, na Ubelgiji wakaipeleka kuwakilisha nchi kwenye Oscar. Kijana wa Kikongo anarudi nyumbani na mchumba wake Mzungu, mahari mkononi, ndugu wanamuogopa tangu utotoni kwa sababu ya alama usoni, anambeba mtoto mchanga wa ndugu yake damu ya pua inamdondokea mtoto, basi ukoo mzima unawaka. Kiswahili utakisikia humo. Wahusika wake ni wanne na kila mmoja alimtungia muziki wake pembeni, kama albamu, ili amjue. Yaani amechukua ujuzi wake wa zamani akautumia kutafuta mtu, sio kuremba sini. Hiyo nawapa bure, mkishindwa kumwelewa mhusika mtafutieni wimbo, muusikilize wiki nzima, halafu siku ya kushuti muuzime.

Na Nigeria Kemi Adetiba katoka kwenye vichupa akafanya The Wedding Party 2016, harusi moja siku moja, ikavunja rekodi ya mauzo ya sinema za kwao wakati ule. Harusi moja siku moja. Baraza moja siku moja. Loji moja. Mshaanza kuona hizi muvi za kwanza zinafananaje.

La hela nalisema haraka manake muda unaisha. Kichupa unalipwa, unashuti, unakabidhi, kinakuwa cha msanii na lebo, umemaliza. Muvi ni yako mpaka ufe, kwa hiyo karatasi zake ni zako pia. Ukiweka wimbo wa mshkaji wako kwa mdomo tu, "we chukua bana", siku muvi inataka kununuliwa watakuuliza kibali kiko wapi, cha aliyeimba, cha aliyetunga, cha lebo, na mshkaji wakati huo ana meneja mpya. Andikishianeni mapema, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Na seti ya muvi sio siku moja ya chipsi kuku, ni wiki kadhaa za watu kula mara tatu, na shati la siku ya tatu linatakiwa liungane na shati la siku ya kumi na mbili, kwa hiyo muwe na mtu wa kontiniuti na asiwe mdogo wako anayecheza na simu.

Haya maswali. Kijana wa kofia nyekundu, eeh... kauliza kama anaweza kuanza na kichupa kirefu, dakika ishirini hivi, chenye nyimbo tatu, kama njia ya kufika kwenye muvi. Unaweza, wengi wameanza hivo, lakini mdogo wangu kati ya wimbo na wimbo weka dakika tano watu wawili wanaongea chumbani, usiweke hata kinanda kwa chini, halafu niletee mimi hizo tano tu, zile nyimbo baki nazo. Dada yangu pale nyuma kauliza kamera gani. Ile ile uliyonayo. Mwingine kauliza naediti kwa bei gani, huyo ndo kaja kikazi, tuonane nje kwenye chai manake maiki inatakiwa na mwenzangu anayerekebisha rangi za picha na ameshaanza kunikata jicho.